Jini wa Raskazone Ni Mimi

Haya, kaeni. Najua wengi mmeshaiona ile picha kwenye stetasi ya rafiki yangu wa Barabara ya 8 hapa Tanga, ile aliyoiandikia "Jini avamia nyumba ya shughuli Raskazone". Wengine mmenitumia hadi dua za kinga. Allah awalipe. Sasa pokeeni taarifa kamili: hakuna jini. Ni mimi, na gambuti zangu namba 43.

Kazi yangu mnaijua, magugu ya majumbani. Kwa hiyo mama mkwe aliponiita, kwamba shughuli ya binti yake mdogo imebaki siku kumi, wageni watakaa kwenye mikeka uani na hataki mtu achomwe na mbigili, nilijibu kwa madaha: "Ondoa shaka, mama. Hiyo niachie mimi."

Ua wenyewe ni ukoka mzuri, ila ulikuwa na mbigili, kifauongo na ndago. Kwenye viungo vya pevingi, kutoka getini hadi barazani, kumeota kila kilichoumbwa. Mbigili ni rahisi: mzizi mmoja mkuu, unaushika katikati pale matawi yanapokutana, unang'oa, unatia kwenye gunia kabla miiba haijakauka na kudondoka. Kifauongo ningeweza kukipulizia 2,4-D, ambayo huua majani mapana na kuuacha ukoka, lakini mama ana mipapai pembeni, na mpapai ukinusa tu ile dawa majani yanajikunja. Nikang'oa kwa mkono, glavu nene.

Ndago sasa. Msiniletee tena swali la "mbona nimelima na zimerudi mara mbili". Pikicha shina lake vidoleni: lina pembe tatu. Siyo nyasi yule, na chini ana viazi vilivyoungana kama tasbihi. Ukipiga jembe unakata uzi, na kila kiazi kilichokuwa kimelala kinaamka na kuota chake. Chimbua kwa uma wa bustani sentimita 20 hivi, toa viazi, kisha rudi kila baada ya wiki mbili au tatu kabla mmea mpya haujazaa viazi vingine. Mwaka mzima unaweza kuisha mko kwenye mashauriano.

Pevingi nikaamua kuipulizia glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Hii haichagui: jani lolote la kijani inaingia, inashuka na utomvu hadi mizizini, mmea unashindwa kutengeneza chakula chake cha kujijengea mwili. Nilichanganya mililita 150 za ile ya gramu 360 kwa lita katika bomba la mgongoni la lita 15, kwa maji safi, maana maji ya tope yanaifunga dawa. Mpaka hapo nilikuwa mtaalamu. Shikeni hapo, maana mtaalamu hamtamwona tena.

Kosa la kwanza ni la mdomo. Asubuhi mama ananitengea chai, mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu, akasema kwa sauti ya upole ya kuudhi, "Mimi leo namalizia funga yangu ya sita ya Shawwal, mama." Mama akanigeukia. Jamani, mngekuwa nyinyi mngesemaje? Nikasema, "Na mimi nimefunga."

Kosa la pili ni mpangilio. Upepo wa bahari Raskazone unaanza kuchachamaa kuanzia saa nne, na dawa haipuliziwi kwenye upepo, basi nikaanza na pevingi mapema. Sawa. Ila anayeanza na pevingi anatokea getini, au anavua viatu, na hakanyagi majani mpaka dawa ikauke. Mimi nikaingia ukokani na soli zikichuruzika. Kosa la tatu: bomba. Mpira wa mfuniko ulikuwa umechoka, nami sikulijaribu kwa maji matupu kabla. Likawa linavuja taratibu mgongoni, linashuka, linakusanyika kwenye suruali mahali ambapo heshima yangu imekaa. Niliona ubaridi. Nikadhani ni jasho la saumu. Saumu ipi?

Saa tano mama muuza mihogo akapita nje ya ua wa michongoma, na changu wa kukaanga, na chachandu. Nikatua bomba. Nikakatiza ukokani hadi kwenye ua, nikanunua, nikakatiza tena hadi nyuma ya tenki la maji, nikanawa mikono kwa sabuni (hilo sikulisahau), nikakaa chini. Nikala bila haraka. Nikanyanyuka, nikapitia tena pevingi, nikaenda barazani kujilaza na kusema saumu leo imenibana.

Kawaida ya glaifoseti haikuumbui siku hiyo. Siku ya tatu kimya. Inaanza kugeuza rangi kama baada ya wiki, na ikifika siku ya kumi imesema yote.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili ya shughuli.

Saa moja asubuhi nafika, wanawake wamejaa barazani, wageni wa kutoka Pangani kina shangazi, na hakuna anayekanyaga ukoka. Mmoja ameshika chetezo cha ubani. Rafiki yangu, niliyemleta mwenyewe anisaidie kubeba viti, ameshatoa simu. Kwenye ukoka wa kijani kuna nyayo. Zimekauka kahawia, moja, nyingine, mguu wa kulia, wa kushoto, zimeanzia kwenye pevingi zinakwenda kwenye michongoma. Za mwanzo zimekolea, za mwisho zina njano hafifu, maana soli ilikuwa inakaukiwa. Hilo nililielewa kwa sekunde moja. Nikatamani nisiwe mtaalamu.

Mama mkwe akasema, "Aa, tumwache mkwe wangu atazame. Yeye ndiye anayejua majani."

Nikainama. Nikashika jani. Nikasema, "Mmh." Nikasema, "Inaweza kuwa ukungu." Ukungu wenye kisigino!

Mtoto wa mwanyumba, miaka saba, akaruka chini akaanza kutia vimguu vyake ndani ya zile nyayo akihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Watu wote barazani wakawa wanahesabu naye. Kumi na tisa, akafika kwenye michongoma. Akageuka. Ishirini. Ishirini na moja. Nikamwambia, "Baba, rudi, utachafuka." Thelathini. Thelathini na moja, akapotea nyuma ya tenki. Kukawa kimya. Kisha sauti:

"Bibi! Jini alikaa hapa!"

Twende wote. Viduara viwili, vimekauka vizuri kuliko nyayo zote, vimelala bega kwa bega, katikati kimebaki kijistari cha ukoka wa kijani kibichi. Hata fundi ushonaji asingechukua kipimo kile. Pembeni gazeti lenye mafuta, na mifupa ya samaki. Mwanyumba akachutama, akauinua mfupa kwa vidole viwili, akautazama kwenye jua.

"Kumbe majini nao wanakula changu."

Mama hakusema kitu. Alitazama mifupa, akatazama gambuti zangu zilizoning'inia mlango wa stoo, akanitazama kuanzia kiunoni kurudi chini. Polepole.

"Alhamisi ile, baba, si ulisema umefunga?"

Yaliyofuata ni mafupi. Mikeka ilitandikwa juu ya nyayo, harusi ikafungwa, wali ukaliwa, mimi nikala jikoni. Jumatatu nikatoa majani makavu, nikatifua udongo. Glaifoseti inanasa kwenye udongo, haisumbui unachopanda baadaye. Nikapandikiza vipande vya ukoka kila sentimita 10, maji asubuhi na jioni, na vimeanza kutambaa. Mpira wa mfuniko nimebadilisha. Suruali nilishaifua peke yake siku ileile, mniache.

Nyuma ya tenki tu ndiyo mama amekataza nisipande ukoka. Ameagiza vilua, yale maua ya kunukia. Miche miwili, kila upande mmoja.