Kijani ukutani humtuliza nani?

Mwaka 1914, mpasuaji Harry Sherman wa Hospitali ya St. Luke's, San Francisco, aliuchoka weupe wa chumba chake cha upasuaji. Kuta nyeupe na mashuka meupe chini ya taa kali vilikuwa vikimwumiza macho, naye akaamua chumba kipakwe kijani kilichokolea kama mchicha. Alikuwa na sababu. Jicho lililokodolea damu kwa muda, likihamia kwenye weupe, huona madoa ya kijani yakielea. Ukuta ukiwa wa kijani, madoa hayo hayaonekani, na jicho hurudi kwenye kidonda likiwa bado linautofautisha wekundu mmoja na mwingine.

Hapo sina ubishi. Tatizo lilianza kijani kilipotoka chumba cha upasuaji. Kuanzia miaka ya 1930, mshauri wa rangi Faber Birren alikinadi nchini Marekani kwa viwanda, shule na wodi, na hoja ya kupumzisha macho ikageuka polepole kuwa hoja ya kutuliza moyo. Hizo ni hoja mbili tofauti, na ya pili haina ushahidi wa kutosha.

Tuitazame pinki, rangi nyingine iliyosifiwa kuwa inatuliza. Mwaka 1979 mahabusu ya jeshi la majini mjini Seattle ilipakwa pinki kwa ushauri wa mtafiti Alexander Schauss, na habari zikaenea kwamba wafungwa walipoa. Majaribio ya baadaye, likiwemo la gereza moja la Uswisi, hayakuuona utulivu huo.

Wanaotetea kijani hupenda kusema kinatukumbusha miti. Lakini utafiti wa Roger Ulrich wa mwaka 1984 ulihusu miti yenyewe. Wagonjwa 23 waliotolewa mfuko wa nyongo, waliolazwa penye dirisha linaloonyesha miti, waliruhusiwa mapema na walihitaji dawa kali chache zaidi za kutuliza maumivu kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali. Msimamizi wa hospitali anayeziba dirisha kisha akapaka ukuta kijani hawezi kujitetea kwa utafiti huo.

Hata hivyo, siwezi kuidharau rangi. Muuguzi anayekesha wodini anastahili ukuta usiomrudishia mng'ao wa taa machoni, na kijani hafifu kisichong'aa hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko karibu ukarabati mwingine wowote. Tena mgonjwa akiona ukuta umepakwa upya anajua kuna mtu anayejali, na hilo linamfariji, rangi iwe ipi.

Ninachohofia zaidi ni ngozi. Ukuta wa kijani hutupa mwanga wa kijani juu ya aliyelala kando yake. Muuguzi anayetafuta umanjano kwenye macho ya mtoto mchanga, au upungufu wa damu kwenye viganja na ufizi, anategemea mwanga usiomdanganya. Kwa sababu hiyo, kwenye wodi za wazazi na vyumba vya uchunguzi ningechagua krimu hafifu isiyong'aa, kijani nikakiacha kwenye chumba cha upasuaji na korido.

Na kabla ya fundi kupaka ukuta mzima, apake kipande kimoja tu cha ukuta, kisha wauguzi wa zamu ya usiku wakikague taa zikiwa zimewashwa.