Kujaza fomu au kuitengeneza: tuwafundishe nini vijana wa Tabora?

Mwalimu mmoja wa hapa Tabora aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria. Kuna haja gani ya kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha pili kutengeneza ukurasa wa tovuti, wakati dada yake aliyemaliza kidato cha nne alimlipa mtu wa steshenari amjazie Selform, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagua tahasusi na vyuo? Yeye anaona tuanze na kujaza fomu, mengine yafuate.

Hoja hiyo ni nzito, na sisi tunaotetea masomo ya kompyuta huwa tunairuka. Kubadili tahasusi, kuomba mkopo wa elimu ya juu, kuomba kazi serikalini, yote siku hizi yanapitia mtandaoni. Kijana asiyejua hukabidhi kila kitu steshenari. Barua pepe yake inafunguliwa kwa simu ya mtu mwingine, nywila anaijua mtu mwingine, na siku akitaka kurekebisha kosa, hana mlango wa kuingilia.

Tabora ina sababu yake ya ziada ya kutahadhari. Mji huu ulijulikana kwa chuo cha uhazili, ambako wasichana kutoka pande nyingi za nchi walikuja kujifunza tapureta na hatimkato. Tapureta zimeondoka maofisini. Leo programu za akili mnemba zinaandika ukurasa mzima kwa kuambiwa sentensi moja tu. Basi ikiwa tunafundisha HTML, yaani lugha ya alama inayoandikiwa kurasa za tovuti, kwa ahadi ya ajira, nakubaliana na wenye mashaka. Kijana wa Isevya au Ng'ambo aliyesoma muhula mmoja hawezi kushindana sokoni, na kumwambia mzazi wake vinginevyo ni kumdanganya.

Ila mimi sifundishi kwa sababu hiyo. Chukua mstari huu mmoja:

<a href="mbuzi.jpg">Matokeo ya kidato cha nne</a>

Maneno yanayosomeka kwenye skrini ni "Matokeo ya kidato cha nne". Ukibofya, inafunguka picha ya mbuzi. Mwanafunzi aliyeuandika mstari huo kwa mkono wake ameelewa kwamba maneno ya linki na mahali inakokupeleka ni vitu viwili tofauti, na kwamba mwandishi anaweza kuweka maneno yoyote anayotaka. Msimu wa matokeo, linki zinapotapakaa kwenye magrupu ya WhatsApp, huyo hataibofya kabla ya kuangalia anwani. Nimewahi kulieleza jambo hili kwa maneno matupu, wakaitikia kwa vichwa na likaishia hapo.

Fomu nayo ni hivyo hivyo. Ukimwonyesha mwanafunzi kisanduku cha nywila kinavyoandikwa, anaona kwamba vile vidoto vinamzuia tu aliyesimama nyuma yako asisome. Herufi zenyewe zinafika kwa mwenye ukurasa kama ulivyozichapa. Ndiyo maana naona mwalimu yule ametenganisha vitu visivyotengana: anayejua fomu inapeleka wapi majibu yake huijaza kwa akili nyingine kabisa.

Vifaa si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Faili la HTML ni maandishi ya kawaida. Linaandikwa kwenye simu, linafunguliwa kwa kivinjari bila bando, linarushwa kwa Bluetooth. Walimu wengi wanavyo vishikwambi walivyopewa baada ya Sensa ya 2022. Ugumu uko kwingine. Kivinjari kinasamehe mno: ukisahau kufunga alama, ukurasa unaonekana tu, na mwanafunzi anazoea uzembe. Python, lugha ya kuandikia programu, hairuhusu hilo; kosa la uandishi likitokea, inagoma na kukutajia mstari. Kwa anayeanza nauchagua msamaha, nikijua una gharama yake.

Na ule mfano wa tapureta nimeurudia mara nyingi moyoni. Mashine ilikufa, lakini mpangilio wa herufi zake ndio uliohamia kwenye kompyuta, na vidole vilivyouzoea havikupotea. HTML yenyewe imeonyesha kudumu. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, iliiachia dunia teknolojia ya wavuti bure tarehe 30 Aprili 1993, na kurasa zilizoandikwa kwa alama za siku zile bado zinafunguka kwenye simu ya leo.

Mpaka lazima uwepo. JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende mambo, nawaachia wanaoiulizia wenyewe, kwa kuwa inadai muda ambao hisabati inauhitaji zaidi. Wala nisingependa somo hili litungiwe mtihani, maana siku ile ile wataanza kukariri maana za alama bila kufungua ukurasa hata mmoja. Muhula mmoja, saa mbili kwa wiki, alama kumi hivi za HTML, maelezo kwa Kiswahili. Wiki ya mwisho kila mmoja afungue barua pepe yake mwenyewe, kwa nywila asiyoijua mwingine, kisha ajaze fomu halisi akiwa peke yake.

Nimemwomba mwalimu yule amlete na yule dada. Tutaanza na kuirudisha barua pepe yake mikononi mwake.