Bosi wa Uingereza Anayekaa Makole

Dodoma ukitamka tu kwamba unatafuta kiwanja, umekwisha. Tangu serikali ihamie huku, kila mtu dalali: kinyozi dalali, bodaboda dalali, hata mama wa chapati pale Majengo ana "shamba la mjomba" Nala. Namba yako ikimfikia mmoja, kesho unapigiwa na ukoo mzima. Laini nyingine nayo ni foleni ya alama za vidole na NIDA.

Kijana wa steshenari akaninong'oneza kuwa mtandaoni kuna namba za kuazima, bure. Unafungua tovuti, unachagua namba, unaiingiza WhatsApp, tarakimu sita zinatokea palepale kwenye ukurasa. Siri tupu! Ila meseji za wengine nazo zilikuwa zimeanikwa hapo kama mitumba: huyu anafungua akaunti ya kubeti, yule ya kutafuta mchumba. Namba nyingi zilikataa, zimetumika hadi zimechakaa. Iliyokubali ilianza na +44.

Nikamwandikia dalali mmoja, ambaye bango lake kwenye mwarobaini lilisema milioni 4. Akajibu kwa voisi:

"Shikamoo bosi! Uingereza baridi inasemaje? Wewe mtu wa diaspora nakufanyia 15, bei ya undugu kabisa."

Ikabidi niende mwenyewe, nikijitambulisha kama mdogo wake bosi. Bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kiwanja kina mbuyu, kina korongo, na kina mzee anachunga mbuzi ambaye hana habari kwamba kinauzwa. Dalali akanivuta pembeni ya mbuyu.

"Dogo, mlainishe kaka yako. Laki 3 yako hii hapa."

Yaani nahongwa nijipige mwenyewe. Na Mungu anisamehe, nilianza kuipigia hesabu ile laki 3.

Jioni WhatsApp ikanitupa nje: namba imesajiliwa kwenye simu nyingine. Kumbe mwenzangu huko duniani kaiazima namba hiyo kwenye tovuti ileile, kasoma tarakimu zake palepale nilipozisoma zangu. Nikajaribu kuirudisha, naulizwa PIN. Kaweka yake, mwenye akili huyo. Meseji zangu za nyuma hazioni, lakini kila mpya inamwangukia yeye.

Siku mbili tatu kimya. Halafu ikaita laini yangu halisi, ile niliyokuwa naificha. Dalali! Namba kapewa na yule bodaboda.

"Dogo, kaka yako siku hizi ananiandikia maneno siyaelewi, herufi zenyewe zimepinda."

"Yuko bize na kazi, mzee."

"Haina shida. Nimemtumia picha ya kiwanja, nikamwambia 15 ndiyo mwisho, akarudisha dole gumba. Kwa hiyo biashara imeisha. Advansi unaileta wewe leo, au nije hapo Makole?"