Duka liko nyuma ya ukuta

Niliwahi kuishi kwenye mradi wa nyumba mpya ambako dirisha la jikoni lilitazamana na mlango wa duka. Ungerusha jiwe, lingefika. Ila katikati palikuwa na ukuta, na geti lilikuwa moja tu, upande wa pili kabisa. Kufuata chumvi ilikuwa mwendo wa dakika 20, nusu yake ukijibana kando ya barabara kuu isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Majirani wengi waliona heri kuwasha gari. Haikupita miezi mingi ukuta ukatobolewa, tundu la mtu kupita akiinama. Uongozi ukaliziba, likatobolewa tena. Siku moja nilimwona mama akipitisha mtoto kwanza, kisha mfuko, kisha yeye mwenyewe, huku ameshikilia upindo wa gauni usinase kwenye nondo.

Yule mama hakuhitaji gari. Alihitaji mlango. Tangu hapo naamini kwamba gari la lazima huzaliwa kwenye meza ya msanifu, kabla hata msingi haujachimbwa. Watu wakishahamia, kilichobaki ni kutoboa kuta.

Tazama mji wa Houten, Uholanzi. Gari likitaka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, kwa kawaida hutoka kwanza hadi barabara ya mzunguko inayouzingira mji, likazunguka, ndipo likaingia tena. Anayetembea au kuendesha baiskeli hukata katikati moja kwa moja, mpaka stesheni ya treni. Wenye magari wapo, wala hawajanyang'anywa kitu. Njia fupi wamepewa wengine, basi. Ni kinyume kabisa cha ukuta wetu.

Kuna suala la maegesho, na hapa ndipo fedha na ardhi vinapopotelea. Gari moja lililosimama linataka mita 2.5 kwa 5 hivi. Ongeza nafasi ya kuingilia na kugeuzia, unafika mita za mraba 25 au zaidi. Nyumba ikitengewa maegesho mawili, hiyo ni sehemu ya kutosha kujenga makazi mengine madogo, na gharama yake imefichwa ndani ya kodi au bei ya nyumba. Asiye na gari naye anailipa. Katika miji mingi mjenzi hana hiari, kwani kanuni zinamtaka atenge idadi fulani ya maegesho kwa kila nyumba. Buffalo, Marekani, waliifuta kanuni ya aina hiyo mwaka 2017, nami naona kila mji ungefaa kuitazama upya ya kwake.

Mtaa wa Vauban, mjini Freiburg, Ujerumani, ulijengwa kwenye eneo la kambi ya zamani ya jeshi, na ulikwenda mbali zaidi. Sehemu kubwa ya nyumba hazina maegesho mlangoni. Mwenye gari hununua nafasi yake kwenye jengo la maegesho pembezoni mwa mtaa, na asiye nalo habebi mzigo huo. Gari linaruhusiwa kufika mlangoni kushusha mizigo, kisha linaondoka. Fikiria maana yake kwa familia: kama gari liko mbali sawa na kituo cha tramu, yaani treni ya mitaani, asubuhi unachagua kweli.

Wapo wanaoniuliza, wazee je? Walemavu? Ni swali la haki. Gari la wagonjwa lazima lifike kila mlango, na asiyeweza kutembea atengewe nafasi karibu. Lakini mtaa usiokalika bila gari unamfungia nani ndani? Mtoto wa miaka 12, bibi ambaye macho yamefifia, kijana asiyeona. Hawa hawawezi kuendesha bado, au hawataendesha tena, au hawataendesha kamwe. Sisi wengine tunageuzwa madereva wao.

Jambo ambalo wajenzi hulichukulia kirahisi mno ni usafiri wa umma. "Basi litakuja baadaye" ni ahadi mbaya, kwa sababu familia ikikaa mwaka mzima bila basi itakuwa imeshanunua gari, na aliyenunua gari hatalitelekeza kwa ajili ya basi linalopita kila baada ya saa moja. Huko Tempe, Arizona, Marekani, kwenye jimbo la joto kali lililozoea magari, mradi wa Culdesac ulipokea wapangaji wa kwanza mwaka 2023 bila kuwawekea maegesho, lakini uliwekwa kando ya kituo cha reli ambayo tayari ilikuwa ikifanya kazi. Reli kwanza, watu baadaye.

Siku hizi nikipelekwa kutazama nyumba, namwomba dalali anisubiri. Natoka kwa miguu hadi dukani, hadi kituoni, hadi shule iliyo karibu, nikiangalia kama kuna mahali mtoto angelazimika kushuka barabarani. Vyumba navitazama nikisharudi.