Chapati ya ata si chakula cha wagonjwa

Kwa miaka miwili mama yangu alikula chapati zake peke yake. Mkekani tulikaa wote, lakini chapati zake mbili, zile za rangi ya udongo, ziliwekwa kwenye kisahani chake na kufunikwa kawa ndogo, halafu sinia letu la chapati nyeupe likawekwa katikati. Aliambiwa ana sukari, tukamnunulia unga wa ata, yaani ngano iliyosagwa pamoja na pumba zake, na tangu siku hiyo ule unga ukawa "unga wa bibi". Mjukuu akinyoosha mkono kwenye kisahani anaambiwa, "Acha, hiyo dawa ya bibi."

Mwaka wa kwanza sikuona tatizo. Mwaka wa pili nikaanza kumwangalia anavyokula. Anamega harakaharaka, anamaliza kabla yetu, anafunika sahani tupu. Jioni moja akaniambia, "Mwanangu, mimi si mtu wa kutengewa." Neno lile halijanitoka moyoni mpaka leo.

Hapa Tanga, nendeni Makorora, nendeni Chumbageni, chapati ya ngano isiyokobolewa imeshapewa jina: chakula cha wagonjwa. Nasema tumekosea. Ni chakula cha nyumba nzima. Ila si kwa kipimo kimoja, wala si kwa namna moja kwa kila umri, na hilo la pili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililikosea mwenyewe.

Hoja yenyewe tunaijua siku nyingi kwenye mahindi. Hata asiyekula dona anajua kuwa dona ina nguvu kuliko sembe. Anaikataa kwa sababu anapenda ugali mweupe, basi. Ngano nayo ina dona yake. Punje ina ganda la nje, ambalo ndilo pumba, karibu asilimia 14 ya uzito. Ina kiini kinachoota, kama asilimia 3. Sehemu yote iliyobaki ni wanga wa katikati, na unga mweupe ni huo wanga. Pumba zinauzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wanaozinunua kwa sababu wanajua thamani yake. Inaniuma kwamba mfugaji anaijua thamani hiyo kuliko sisi tunaolisha watoto.

Gramu 100 za unga mzima, yaani ata, zina nyuzinyuzi gramu 10 na ushei. Za unga mweupe hazifiki 3. Magnesi ni kama miligramu 137 kwa 22. Zinki ni zaidi ya mara tatu. Protini nayo imezidi kidogo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa nyuzinyuzi kwa siku: mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 15, wa miaka 6 hadi 9 apate 21, na kuanzia miaka 10 kwenda juu 25. Chapati moja ya kusukuma iliyobeba gramu 60 za unga wa ata inakupa kama gramu 6. Ya unga mweupe haifiki 2. Kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la tano anayekula chapati mbili za ata asubuhi anakaribia nusu ya haja yake ya siku nzima kabla hajatoka nyumbani.

Nilipoyajua haya nikaamua nyumba nzima tuhame. Nikahama na mtoto wa mwisho pia, akiwa na miezi 9. Uji wake nikaupika kwa ule ule unga wa ata bila kuuchekecha, na mchana nikawa namlowekea chapati kwenye chai ya maziwa. Alikula vizuri, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilipompeleka kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa umelala. Mwezi uliofuata ukalala tena.

Nesi akaniuliza, "Mama, unampa nini huyu?"

Nikamweleza, tena kwa kujivuna kidogo.

Akaufungua mkono wa mtoto, akaweka kidole chake katika kile kiganja, akasema, "Tumbo lake dogo, mama. Linajaa pumba kabla hajala."

Baadaye nikaelewa alichomaanisha. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kama robo lita kwa mlo mmoja. Kila kijiko kinachoingia lazima kiwe kimebeba nguvu nyingi, na pumba hazimpi nguvu, zinamshibisha tu. Zaidi ya hapo, pumba zina kitu kinaitwa fitati, ambacho hushikilia madini ya chuma na zinki yasipite kuingia mwilini, na mtoto wa umri ule ndiye anayeyahitaji kuliko wote. Nikaanza kuuchekecha unga wa uji wake, nikaongeza karanga zilizosagwa, maziwa, siku nyingine yai, na kijiko kidogo cha mafuta. Mstari ukainuka. Alipofika miaka miwili ndipo nikaanza kumkatia chapati yetu kidogokidogo, na leo anaila kama wenzake.

Kwa hiyo mwenye mtoto mchanga anisikilize. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo ngano inaruhusiwa, lakini iwe laini, iliyochekechwa, na isiwe peke yake. Siku za mwanzo umwangalie kama anatoka vipele au anatapika, maana wapo wachache ambao miili yao haipatani na ngano kabisa, na hao ni wa daktari.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, na huo ndio umri ninaouogopa zaidi, kwa sababu msichana anapoteza damu kila mwezi na ratiba ya shule inamnyima muda wa kula. Unga wa ata una madini ya chuma, kama miligramu 3 na nusu kwa gramu 100, ila tayari nimeshataja fitati. Sasa sisi watu wa pwani tunaongeza kosa la pili: chapati na chai ya rangi. Tanini zilizomo kwenye majani ya chai zinayakamata yale madini tumboni papo hapo. Unakula chapati nzuri, halafu unaiosha na kikombe.

Dawa yake inauzwa barabarani. Chungwa. Tuna machungwa ya Muheza, yanaletwa mjini kwa malori, msimu wake yanamwagwa chini sokoni, na vitamini C iliyomo ndiyo inayoyasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Binti yangu sasa anakula chapati na chungwa kabla ya kutoka, chai anakunywa akirudi. Mwanzo alinung'unika kwamba chapati bila chai haipiti. Inapita.

Wajawazito nao wana jambo lao, na hapa natetea unga mweupe kwa haki. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani hapa nchini unatakiwa kuongezwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Ukinunua ngano yako na kuisagisha kwenye mashine ya mtaani, hakuna kilichoongezwa humo. Unga mzima una foleti, ambayo ni asidi ya foliki kwa umbo lake la asili, lakini haimtoshi mwenye mimba, na uti wa mgongo wa mtoto, unaoihitaji, unafunga ndani ya wiki nne za mwanzo, mama wengi wakiwa bado hawajajua kama wana mimba. Kwa hiyo soma mfuko kabla ya kununua, na usiache vidonge vya kliniki eti kwa sababu umehamia kwenye ata.

Mtu mzima mwenye afya yake sina mengi ya kumwambia. Chapati ya ata inakaa tumboni, na wakati wa Ramadhani ukiila daku utaona tofauti mchana. Kwa mwenye sukari, bado ni wanga. Mama anakula mbili, si nne, na ninazichoma kwa kuzipaka mafuta kidogo tu. Kwenye sahani lazima pawe na maharage ya nazi au mbaazi, kwa sababu protini ya ngano ina upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini, na jamii ya kunde inayo. Zikiliwa pamoja zinakamilishana.

Kwa wazee, la kwanza ni maji. Mzee hasikii kiu kama kijana, na nyuzinyuzi bila maji zinaweza kumfunga choo badala ya kumfungua. Yalimpata mama miezi ya mwanzo, tukadhani unga haumfai, kumbe alikuwa anamaliza siku kwa vikombe viwili vya chai. Sasa ana jagi lake. Na meno yakishapungua, chapati inaloweshwa kwenye mchuzi wa samaki, au unarudi kwenye bokoboko: ngano nzima iliyolowekwa, ikatwangwa ganda la juu litoke, ikapikwa na nyama mpaka ikavutika, samli juu. Tumelifanya chakula cha Idi na harusi tu. Mimi nalipika hata katikati ya mwezi wa kawaida, na mama hulila kwa kijiko bila kutafuna.

Wanaosema chapati ya ata ni ngumu wanaikanda kama ile nyeupe. Pumba zinakunywa maji. Tumia maji ya vuguvugu, mengi kuliko ulivyozoea, donge liwe laini mpaka likunate kidogo vidoleni, kisha lifunike na uliache nusu saa nzima ndipo ukate matonge. Ukilisukuma kabla ya hapo, linapasuka pembeni na chapati inatoka kama gome. Na usinunue unga mwingi. Kile kiini kina mafuta, na kwa joto letu na unyevu huu wa bahari yanaharibika upesi. Utasikia harufu ya mafuta ya zamani na uchungu ulimini. Mimi nanunua kilo mbili, naweka kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya friji.

Kijana wangu mkubwa, miaka 19, bado hajakubali. Anasema chapati ni nyeupe, hiyo nyingine ni kitu kingine. Kwake nimefika nusu kwa nusu, unga mweupe na wa ata, na kwa sasa nimesimama hapo. Anayemsukumia sinia ni bibi yake, na kwa bibi hasemi kitu. Anachukua, anakula.