Usichomelee nozeli kwenye manifoldi ya kabureta

Nikiona Hilux ya zamani iliyotolewa kabureta ikafungwa EFI, mfumo wa kunyunyiza petroli kwa umeme, kitu cha kwanza kukitazama ni manifoldi, yaani mirija inayopeleka hewa kwenye silinda. Hapo ndipo wengi hubana pesa, na hapo ndipo kazi huharibikia.

Chukua 22R, injini ya Toyota ya cc 2,366. Manifoldi yake ya kabureta imeundwa kupitisha hewa iliyokwisha changanyika na petroli. Ndiyo maana maji ya moto ya injini huipitia: petroli igeuke mvuke, isibaki matone kutani. Kuna mafundi wanaoitoboa, wanachomelea viti vya nozeli (vinyunyizio vya petroli) na kufunga throto, valvu ya kupimia hewa inayoingia, palipokuwa na kabureta. Niliwahi kulipia kazi hiyo. Alumini ilipata moto ikapinda. Tulipoilaza rula ya chuma juu ya uso wake, mwanga ulipenya upande wa silinda ya nne. Gari likisimama, mngurumo ulipanda na kushuka wenyewe. Ukipuliza kabureta klina kwenye gasketi pale pale, sauti inabadilika. Ilikuwa inavuta hewa ya wizi, ile inayoingilia kwenye ufa bila kupita kwenye throto.

Toyota wenyewe walishatengeneza jibu, 22R-E, yaani 22R ya EFI. Manifoldi yake ni vipande viwili: chemba juu, mirija minne chini, nozeli zikielekea kwenye valvu. Urefu wa ile mirija una kazi. Kila valvu ikifunguka na kufunga, wimbi la presha hukimbia ndani ya mrija. Mrija ukiwa mrefu, wimbi hurudi kwa wakati unaoifaa injini inayozunguka polepole. Nguvu ya kuvuta ya 22R-E hufika kileleni karibu na mizunguko 2,800 kwa dakika, na gari la magunia mlimani hufanya kazi humo humo. Manifoldi fupi zinazong'aa ni za mashindano. Throto nne, moja kwa kila silinda, zina tatizo jingine: vakyumu ya sevo ya breki (mvuto wa hewa unaosaidia mguu kukanyaga breki) inakuwa dhaifu, na hilo kwenye gari la mizigo silikubali kabisa.

Hedi ya EFI, kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, ina mikato midogo juu ya matundu ya hewa kupisha mnyunyizo wa nozeli. Ya kabureta haina. Kwa hiyo nunua hedi, manifoldi, throto na sensa kutoka gari moja, na uulize mwaka, maana bloku na hedi zilibadilishwa katikati ya miaka ya 1980. Pampu nayo ibadilishwe: ya kabureta haifiki baa 1, EFI inataka zaidi ya 2, na mipira ya petroli ya zamani haihimili presha hiyo.

Siku ya kufunga, weka gasketi mpya na kaza bolti ukianzia katikati kwenda pembeni.