Panga la kazini na zile siku 84

Kampuni ikipunguza watu, kisha mmoja wa waliopunguzwa akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi Tanzania, kulalamika kwamba amebaguliwa, maneno ya kantini huwa yale yale: hajakubali matokeo, anatafuta hela. Nimeyasikia hata kwa wanasheria, na nadhani tunamkosea mlalamikaji.

Mwajiri naye ana lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inamruhusu kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji: mauzo yameanguka, mashine mpya imeingia, idara mbili zimeunganishwa. Hapo hakuna aliyekosa, alimradi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu namna ya kuwapata watakaoondoka. Ni kweli pia kwamba orodha ya watu ishirini haikosi mwanamke, mtu mzima au mtu wa dini fulani, na kuwamo tu si ushahidi wa ubaguzi. Tena wapo wanaolitumia neno hilo kupandisha dau la suluhu.

Ila ubaguzi wa namna hii si lazima utoke kwa meneja mwenye chuki. Kifungu cha 7 kinakataza hata ule usio wa moja kwa moja, ambao makazi yake ni kwenye vigezo. Tuseme kampuni imeamua kuondoa wenye alama ndogo za mahudhurio na mauzo ya miezi 12 iliyopita. Nani atapinga? Sasa mtie humo mama aliyejifungua ndani ya mwaka huo. Sheria hiyo hiyo imempa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, 100 kama ni mapacha. Siku 84 katika 365 ni asilimia 23. Mwenzake mwenye kasi ile ile ya kuuza, asiyemzidi hata kwa shilingi kwa siku, mwisho wa mwaka amemwacha mbali kwa sababu tu hakuzaa. Kwa mama wa mapacha pengo linafika asilimia 27. Hakuna mahali palipoandikwa “ujauzito”. Jina limeshuka lenyewe kwenye karatasi ya alama, na meneja anaweza kuapa bila kusema uongo kwamba hakumlenga mtu. Dawa yenyewe ni ndogo: gawanya mauzo kwa siku alizokuwa kazini. (Hata “aliyeingia mwisho atoke kwanza”, kigezo kinachopendwa na vyama, huwaumiza wanawake pale ambapo wameanza kuajiriwa juzi.)

Waajiri hulalamika kwamba mfanyakazi akishatoa ushahidi wa awali wa ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea unahamia kwao. Utathibitishaje jambo ambalo halikuwepo? Ni swali la haki. Lakini karatasi ya alama iko kabatini kwa nani? Kumbukumbu za kikao, barua pepe, rasimu ya kwanza ya orodha, vyote viko ofisini. Aliyepunguzwa ana barua ya kumwachisha na kitambulisho alichotakiwa kukirudisha.

Na kabla ya kumsema kwa hela, tuihesabu ile anayohakikishiwa akiondoka. Kima cha chini cha kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Aliyetumikia miaka kumi, au kumi na minane, anahakikishiwa siku 70. Ni pungufu ya ile likizo iliyomponza.

Halafu kuna saa inayokimbia. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 30. Anayesubiri malipo kwanza, akiogopa kwamba kulalamika kutayachelewesha, anaweza kuzimaliza siku hizo hajaiona karatasi ya alama. Baada ya hapo ataanza kwa kuomba aruhusiwe kuleta shauri nje ya muda, akieleza kwa nini amechelewa, kabla hata hajaulizwa alichofanyiwa.